Nitumie Krismasi Mwezi wa Saba

(Mhadhara uliotolewa Kampala mchana wa Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani)

Ndugu zangu, hamjambo? Wale wa nyuma mnanisikia? Mzee wangu uliyesimama pale kwenye nguzo, karibu mbele, kiti kipo.

Aliyepanga ratiba ya leo alinipigia simu kuuliza nitazungumzia nini. Nikamjibu: albamu za Krismasi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo si ya Desemba?" Nikamwambia ndiyo maana nimekuja Julai. (Kicheko.) Nafikiri bado hajanielewa, kwa hiyo nitaanzia mbali.

Wengi wenu hapa mnalijua kundi letu la WhatsApp. Tuna watu wa Kampala, Bombo, Arua, Goma, Kisumu na Mwanza. Wengi wetu hatujawahi kuonana uso kwa uso. Kinachotuunganisha ni muziki, na lugha ya kuusimulia ni Kiswahili. Kwa mtu wa Uganda hilo si jambo dogo. Sisi tuliokulia hapa tulikisikia Kiswahili kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikiwa amri za askari: simama, shuka, kaa chini. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, lakini maandishi ya sheria hayaondoi woga wa mtu. Mimi woga wangu uliondoka siku nilipoanza kubishana kwa Kiswahili na mtu wa Goma kuhusu gitaa la solo.

Sasa tatizo. Usiku wa Desemba 24, mwaka fulani, mwenzetu (simtaji, na mwenyewe anajijua) alituma linki thelathini na moja kwa mkupuo. Zote za Krismasi, na hakuandika hata neno moja. Mnajua nilifungua ngapi? Hata moja. Alikuwa kama mgeni anayekuletea gunia la mahindi usiku wa sikukuu. Unamshukuru, lakini nani atakaa kuyapukuchua saa hizo, na kuku yuko jikoni?

Tufanye hesabu kidogo. Wimbo wa MP3 wa kiwango cha kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, hula karibu MB moja kwa dakika. Albamu ya dakika arobaini ni kama MB 40. Ukitaka sauti safi zaidi, kilobiti 320, unakaribia MB 100. Na sisi tunajua bei ya MB. Mnakumbuka Julai 1, 2018? Ndipo kodi ya mitandao ya kijamii ilipoanza, shilingi 200 kwa siku. Mwenye mshahara hakuiona. Mwenye kuuza nyanya aliihesabu: 200 mara 30 ni elfu sita kwa mwezi, kabla hujanunua bando lenyewe. Wengine wakajificha kwenye VPN, zile programu za kuficha unachofungua mtandaoni, wengine wakatoka kwenye makundi. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya data.

Siisifu kodi, Mungu apishe mbali. Lakini kipindi kile kundi letu lilijifunza adabu. Mtu akituma wimbo, watu walimuuliza papo hapo: nipe sababu ya kula MB zangu. Ikabidi aeleze. Hapo tukagundua kwamba maelezo yenyewe yalikuwa matamu, wakati mwingine kuliko wimbo.

Nitawapa mfano mmoja ninaoupenda. Tuna mwenzetu dereva wa lori, anapita Malaba, mpakani na Kenya, anavuka nchi hii yote hadi Elegu, mpakani na Sudan Kusini, kisha Juba. Huandika hivi: "Usianze mwanzo. Ruka hadi dakika ya pili, ngoja besi iingie. Niliusikia saa kumi na moja alfajiri, foleni haisogei, kondakta wangu amelala." Basi. Huyo amenipa wimbo, amenipa mlango wa kuingilia, na amenipa kiti cha pembeni yake ndani ya lori. Nikiusikiliza siwezi kuusikia bila ile foleni.

Dereva huyu ndiye aliyenibadilisha kuhusu Krismasi. Siku moja ya Julai, jua kali, akatutumia albamu ya Krismasi ya Philly Lutaaya, mwanamuziki wetu wa Uganda. Kundi likamcheka. Mmoja akamuuliza kama amepigwa na jua. Akajibu: "Desemba 25 nilikuwa hapahapa Elegu, nimekwama. Krismasi yangu bado naidai."

Nikaisikiliza kwa heshima tu, kwa sababu albamu ile naijua. Nani hapa haijui? Kila Desemba inalia kwenye taksi, kwenye saluni, kwenye maduka ya vitambaa, hadi unaacha kuisikia, kama vile usivyosikia jenereta la jirani. Lakini Julai hakukuwa na kelele nyingine, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mtu.

Lutaaya aliiimba akiwa anaishi Uswidi, alikohamia mwaka 1984. Stockholm mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Fikirini mtoto wa Uganda kwenye giza lile, anaimba kwa Kiganda "Tumusinze", yaani tumwabudu, akiwaita watu walio mbali naye, safari nzima ya ndege. Desemba nilikuwa nimeipokea kama sherehe. Julai nikasikia mtu aliyekuwa anaikumbuka sherehe. Kisha nikakumbuka kwamba alirudi nyumbani, akasimama hadharani akasema ana UKIMWI wakati wengine walikuwa wanaogopa hata kulitaja jina la ugonjwa huo, akazunguka mashuleni na makanisani kuwaambia vijana. Alifariki Desemba 15, 1989, siku kumi kabla ya Krismasi. Waliokuwapo mwaka ule, hamjambo, mnajua ilivyokuwa kuusikia ule muziki redioni.

(Kimya kidogo ukumbini. Mama mmoja alisema, "Kweli kabisa.")

Webale, nnyabo. Asante, mama.

Baada ya hapo nikaanza kuchunguza, maana mwalimu hakosi udadisi. Nikakuta hata wenye theluji yao hawakuusubiri msimu. Mwimbaji wa Marekani Bing Crosby alirekodi "White Christmas" Mei 29, 1942. "The Christmas Song", ule wa njugu zinazochomwa motoni, Mel Tormé na Robert Wells waliutunga California mwaka 1945 wakati wa joto kali, wakitafuta mawazo ya kuwapoza. Kwa hiyo ukiniambia Krismasi ya Julai ni kituko, mimi nakwambia baadhi ya nyimbo hizo zilizaliwa kwenye jasho.

Msimu pia unaweza kuiua albamu. Phil Spector, mtayarishaji wa muziki wa Marekani, alitoa albamu yake ya Krismasi Novemba 22, 1963, siku ileile Rais Kennedy wa nchi hiyo alipouawa. Nani angenunua kengele za furaha wiki ile? Ilibidi miaka ipite ndipo watu waisikilize.

Ndugu yetu wa Bombo aliniwahi hapa, na nakiri alinishinda. Alisema: "Mwalimu, hiyo Julai yako ni ya Wakristo. Idi yetu inahama." Ni kweli. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Idi huzunguka kalenda yote ya kizungu, leo kwenye masika, baada ya miaka kadhaa kwenye kiangazi. Kaswida haina Julai ya kujifichia. Yeye hututumia kaswida mwezi wa Rajabu, Ramadhani ikiwa bado iko mbali, na huandika ni ya madrasa gani na nani aliyemfundisha kuiitikia. Ni utaratibu uleule, ila yeye anaufuata mwezi wa angani.

Kuhusu kama tutumiane faili za nyimbo au linki tu, nitapita haraka kwa sababu tunagombana kila mara. Tuna Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 2006, na mwanamuziki anakula. Mimi natuma linki na maelezo, sitoi nakala. Anayetaka kubishana anikute kwenye chai.

Sasa jana usiku nililiambia kundi kwamba leo mwisho wa mhadhara tutasikiliza kitu kimoja pamoja, albamu moja tu, kuanzia wimbo ambao dereva wetu atauchagua yeye. Yuko humu ndani. Lori ameliacha Nakawa. Nimemwomba asimame mumwone, amekataa, amekaa kule nyuma na kofia yake usoni.

Subirini, simu yangu inatetemeka. Ni yeye. Ameandika: "Wimbo wa kwanza. Usiruke chochote leo. Na mwalimu, maneno yametosha, bonyeza."

Haya. Kijana wa spika, tayari?