Mbona Sijengi Stesheni ya Tabora Yenyewe? Najibu Komenti Zenu

Habari zenu ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa mnaonitazama. Kwa mgeni: mimi niko Ulaya, najenga stesheni ya mfano ya treni ndogo, nimeiita Miembeni. Leo sikuwa na mpango wa kurekodi. Nimetoka zamu ya usiku, nilitaka nile nilale. Nikafungua simu, nikakuta swali lilelile: "Kaka, wewe mtoto wa Tabora, mbona hujengi stesheni ya Tabora yenyewe? Hiyo Miembeni yako iko wapi? Kwenye ramani haipo." Na chini yake, kama kawaida, kuna aliyeandika kwamba wenzangu wanajenga nyumba kwao, mimi niko Ulaya nachezea treni.

Nianze na huyu wa pili tumalizane. Sijaja hapa kuringa. Nina miezi 14 tangu nianze kazi hii, na nimeandika kila senti kwenye daftari: yuro 610. Ukigawa ni chini ya yuro 45 kwa mwezi. Nyumbani natuma, na natuma kiasi gani ni jambo langu na mama yangu. Binamu yangu mmoja alichukua picha yangu nimeshika kichwa cha treni mkononi, akaitupa kwenye kundi la ukoo, akaandika: "Hela za matibabu ya shangazi ndizo hizi." Shangazi mwenyewe alinipigia kunipa pole, maana alijua nani alilipa nini. Iliniuma, na bado inaniuma. Sitalisema tena kwenye video nyingine.

Sasa swali lenyewe. Miembeni haipo kwenye ramani kwa sababu nimeibuni mimi. Na nimeibuni kwa makusudi, baada ya kushindwa kuijenga Tabora kwenye karatasi kwa muda wa miezi mitatu.

Mimi najenga kwa kipimo cha 1 kwa 87. Maana yake kila kitu kinagawanywa kwa 87. Kilomita moja ya reli halisi inakula mita 11 na nusu. Ukuta wangu una mita 3 na sentimita 80. Chukua behewa la abiria la kama mita 18: linakuwa sentimita 21. Treni ya mabehewa 15, pamoja na kichwa chake, ni zaidi ya mita tatu. Yaani treni moja tu ikisimama, imejaza ukuta, haina pa kwenda. Na Tabora siyo njia moja na jukwaa moja. Tabora ni njia panda: reli ya kutoka Dar es Salaam inafika pale, inagawanyika, moja Kigoma, nyingine Mwanza. Kuna njia za kupangia mabehewa, kuna karakana. Ningeibana yote hiyo kwenye ukuta wangu, ingetoka kitu ambacho mtu wa Tabora akikiona atasema hapa si kwetu. Na angekuwa na haki.

Wengine mmeniambia nijenge SGR, ndiyo ya kisasa. Ndugu zangu, SGR naipenda, na mwaka 2024 ilipoanza kubeba abiria mpaka Dodoma niliangalia video zenu zote. Tena kwangu ingekuwa rahisi zaidi! Upana wa SGR ni milimita 1,435. Gawanya kwa 87, unapata milimita 16 na nusu, na hiyo ndiyo reli ndogo inayouzwa kila mahali huku. Lakini reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Mita moja kwa 87 ni milimita 11 na nusu, na reli unayoweza kununua ni ya milimita 12. Inazidi nusu milimita, hiyo nimeikubali. Shida ni kwamba ya milimita 12 haipatikani sana na bei yake iko juu. Ila kuna jambo moja lililoniokoa: mashariki mwa Ujerumani, ninakoishi, watu walipenda sana kipimo kingine kidogo zaidi, cha 1 kwa 120, na chenyewe kinatembea kwenye milimita 12 hizohizo. Kwa hiyo kwenye masoko ya mitumba ya treni nanunua kichwa kibovu cha kipimo hicho kwa yuro 20 au 25, natoa mota na magurudumu, bodi naitupa, juu naweka bodi yangu ya kichwa cha dizeli cha daraja la 88, vile vilivyotoka Kanada. Hicho hakuna duka linalokiuza. Ndicho nilichokuwa nakisikia usiku nikiwa mtoto, kwa hiyo nakitengeneza mwenyewe.

Baba alikuwa mtu wa gengi, fundi wa njia. Tulikaa kota za reli. Treni ya kutoka Dar ikiingia usiku, kichwa kinafunguliwa, mabehewa yanakatwa, ya Kigoma huku, ya Mwanza kule. Watu wanatembea na taa chini ya mabehewa, wanaitana. Abiria wamelala ndani. Sisi watoto wa kota ule mshindo wa mabehewa kugongana tuliujua kama wengine wanavyoijua adhana ya alfajiri. Usipousikia unaamka kujiuliza kuna nini. Hicho ndicho nataka kukijenga. Si jengo. Nataka treni moja iingie, ikatwe vipande viwili, kila kipande kishike njia yake.

Nilipolielewa hilo, kila kitu kilikaa sawa. Nikachukua kalamu nikajiuliza: wapi pengine treni ingekatwa hivyo, mahali padogo panapotosha kwangu? Reli ya Mpanda, kwa kweli, inachepuka Kaliua, magharibi ya Tabora. Ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa Mpanda. Mimi nikasema: tuseme wangeanzia Tabora mjini wakashuka kusini kupitia Sikonge. Aliyepita barabara ile anajua, ukifika Ipole njia zinaachana: moja Mpanda, nyingine inashuka Rungwa kuelekea Chunya na Mbeya. Basi reli yangu inafuata barabara hiyo, na pale inapoachana ndipo nimeweka Miembeni. Mizigo ipo bila kulazimisha: asali, tumbaku, mbao za mninga. Dhahabu ya Chunya ipo upande wa pili. Mjerumani alifika Tabora na reli mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, kisha vita ikaanza. Kwa hiyo nimesema tawi hili lilijengwa baadaye, wakati wa Mwingereza. Maana yake jengo langu haliwezi kuwa kubwa na la kifahari kama la Tabora. Ni dogo, kuta nene, paa la bati, baraza mbele. Unaona? Hata historia ya kubuni inakukataza mambo. Usipoipa masharti, unaishia kuweka kila kitu unachokipenda, na stesheni inakuwa kabati la maonyesho.

Vipimo. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana wapo wanaotaka kuanza. Niliandika barua kuomba michoro ya majengo ya zamani ya stesheni. Barua ikapelekwa ofisi moja, ikarudishwa, nikaambiwa nijaze fomu, nikajaza, nikaambiwa fomu hiyo ni ya wakandarasi. Miezi mitano. Sitaji ofisi wala nchi, msije mkaanza kugombana kwenye komenti. Nikaacha. Halafu nikagundua kwamba rula ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote: reli yenyewe. Ukipata picha iliyopigwa kwa kuitazama njia ya reli kwa mbele, nafasi kati ya reli mbili ni mita moja kamili. Unaupima kwenye picha, unalinganisha na kitu kilicho umbali uleule kutoka kwenye kamera. Kilicho nyuma zaidi kitakudanganya, kitaonekana kidogo kuliko kilivyo. Mlango nao unasaidia, chukua kama mita mbili. Matofali pia: hesabu mistari ya tofali kutoka chini mpaka dirishani. Picha za satelaiti zinakupa urefu wa paa. Kwa njia hiyo nimepata vipimo vya jukwaa, baraza na tangi la maji, na sikuomba ruhusa ya mtu.

Sasa kile kifurushi cha kutoka nyumbani nilichowahi kuwatajia, maana mliuliza kiliishaje. Mdogo wangu alinitumia picha za baba na kibao cha mbao chenye jina MIEMBENI, kimechongwa na fundi wa mtaani kwetu, kazi nzuri ajabu. Kwenye fomu ya posta, kwa kuniheshimu, akaandika thamani dola 100. Huku zawadi kati ya mtu na mtu haitozwi kodi isipozidi yuro 45. Ikizidi, unalipa. Nikaitwa nikachukue mwenyewe, na nije na ankara. Ankara ya zawadi! Nikaeleza kwamba hakuna aliyeuza wala aliyenunua. Nikaambiwa nirudi na maelezo ya maandishi. Nikapoteza siku mbili za kazi, na siku zile hazilipwi. Nililipa, nikachukua kibao changu, nikakaa kwenye kituo cha basi nikakifungua palepale.

Na niliwahi kumwomba mdogo wangu aniletee udongo mwekundu wa nyumbani, kikombe kimoja tu, nimwage kando ya reli. Bahati nzuri niliuliza kwanza. Udongo kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hauruhusiwi kuingia, wanaogopa magonjwa ya mimea. Msijaribu. Nimesaga vipande vya matofali ya kuchoma, nikachekecha kwa soksi ya nailoni, nikachanganya na majivu kidogo. Kwenye picha rangi inakaribia. Kwa macho, jioni, inakaribia zaidi.

Mpango wenyewe sasa. Ubao wote ni mita 3 na sentimita 60, lakini ni vipande vitatu vya mita 1.20 vinavyofungwa kwa bolti. Sababu si ufundi. Sababu ni kwamba kibali changu cha kuishi nakihuisha kila baada ya miaka miwili, na kila mara kuna wiki kadhaa ambazo sijui kama nitakuwa hapa mwaka unaofuata. Sijengi kitu nisichoweza kukibeba. Na mwenye nyumba amenikataza nisitoboe ukuta hata tundu moja, kwa hiyo vyote vinasimama kwa miguu yake. Vipande viwili ni stesheni. Cha tatu kimefichwa nyuma ya miti ya miombo, hapo ndipo treni zinasubiri. Kwa watazamaji ni Tabora, Mpanda na Chunya kwa pamoja. Kwa kuwa kina mita 1.20, treni yangu ndefu ni kichwa kimoja na mabehewa manne. Sentimita 104, na nafasi kidogo ya vifungio. Mabehewa mawili Mpanda, mawili Chunya. Yanatosha kabisa kukatwa.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na pointi 9. Pointi, kwa wasiojua, ni pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Moja nimenunua yuro 38. Nikakaa na mchoro, kila pointi nikaiuliza inafanya kazi gani, isiyokuwa na jibu nikaifuta. Zimebaki 5: moja ya kuingilia njia ya pili, moja ya kutokea ili kichwa kizunguke mabehewa, moja ya bohari la tumbaku, moja ya njia ya mafundi, na ile ya mwisho ambapo Mpanda na Chunya zinaachana. Nimeokoa yuro 152, na stesheni imepumua. Jukwaa likawa na nafasi ya mwembe mmoja mkubwa.

Haya yote ni yangu mimi. Mwingine ana chumba kikubwa, mwingine ana fedha, mwingine anataka treni izunguke tu mtoto afurahi, na hiyo ni sababu nzuri kuliko zangu zote. Msiseme fulani katuambia.

Nina ombi moja kwenu, hasa waliokaa kota za Tabora. Nje ya ofisi ya gengi ya baba kulikuwa na kipande cha reli kimening'inizwa kwa waya, kinagongwa kwa nyundo kuita watu kazini. Nimekitengeneza tayari, urefu wake ni milimita 6. Mama anasema kilikuwa kulia kwa mlango, ukiwa unaingia. Kaka yangu anasema kushoto, kwenye nguzo ya baraza. Miembeni ni ya kubuni, naweza kukiweka popote na hakuna atakayenishtaki. Lakini hiki kimoja nataka kiwe pale kilipokuwa. Gundi sijaifungua. Anayekumbuka aniandikie.