Gugumaji halikujileta Kisumu

Haya tukae basi, wale wa nyuma sogeeni mbele, maiki yenyewe inakohoa kunishinda. Nimepewa dakika 20 na mwenyekiti ananijua, ashaanza kuangalia saa.

Ukifika Dunga, ufuo wetu wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, ukute ziwa limegeuka shamba, unaona nini? Nyinyi mnaona gugumaji. Mimi naona choo. Msicheke.

Kuna siku nilitoka na wavuvi wawili alfajiri, maji meupe, hayana kitu. Saa nane tukiwa tunarudi upepo ushageuka, unasukuma kila kitu ufuoni, na njia tuliyopitia asubuhi haipo. Propela ikazunguka kidogo ikanyamaza, mizizi imejisokota kama nywele kwenye chanuo. Jamaa mmoja akainama na kisu, akakata, tukasogea kama urefu wa boti yenyewe, ikakabwa tena. Akakata tena. Ufuo tunauona, watu tunawaona, mpaka mtu anatupigia mluzi, na tulifika giza limeingia! Samaki wetu, ngege, wamelainika, macho meupe. Mama aliyekuwa anawangoja akambonyeza mmoja na kidole, kidole kikazama, akasema hao mpelekeeni paka.

Sasa kila nikisimulia hii mtu ananyoosha mkono, eti si tulete mashine ya kuvuna? Jamani. Hilo gugu likishiba linaongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, na mbegu zake zinalala kwenye tope hata miaka 20. "Lakini wale wadudu wa miaka ya tisini?" Ndio, waliachiliwa, wakala kweli, na El Nino ya 1997 na 98 ikasaidia, likapungua tukapiga makofi. Likarudi, kwa sababu sahani bado iko mezani! Mbolea ya mashambani inashuka na mto Nyando, maji machafu ya mjini yanashuka na mto Kisat, yote yanaingia ghuba ya Winam ambayo haina kina na imebanwa mdomo, sasa yaende wapi? Mmea umetoka Amerika Kusini, umefika kwetu, tukaupakulia. Na msinitajie viti vya kusukwa kwa gugumaji, nimevikalia, ni vizuri, lakini viti vingapi mpaka ziwa liishe?

Kuogelea, ee, naona mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Konokono wa kichocho wanapenda hiyo mizizi, kwa hivyo mtoto anayeshinda majini apelekwe akapimwe, usingoje akojoe damu ama tumbo limsumbue. Na ule ukijani unaoelea kama rangi ya kupaka nyumba, huo unaweza kuwa na sumu, na sumu yake kuchemsha maji hakuiondoi, kwa hivyo usiniambie nyumbani mnachemsha.

Ya samaki wa vizimba sijafika na sioni nikifika. Maswali mawili tu, na kama ni la mashine shusha mkono.