Kidonda Kilichofumukia Kalya

ZAWADI: Karibuni tena wapendwa, tupo hapa Kigoma. Kaka Hamisi, swali ni hili: rejista ya hospitali inatosha kumpima daktari wa upasuaji? Wewe si ulikuwa karani wa kumbukumbu?

HAMISI: Miaka minne, dada, katika hospitali ambayo sitaitaja. Kila mwisho wa mwezi najumlisha vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya, naingiza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Nakumbuka mama mmoja wa Kalya, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika. Alijifungua kwa upasuaji, siku ya nne akaruhusiwa, akapanda boti. Kidonda kikafumukia huko huko, kinatoa usaha. Zahanati ikamwandika "kidonda", mgonjwa mpya. Kwetu yule alishahesabiwa amepona.

ZAWADI: Na hakuna aliyedanganya.

HAMISI: Hakuna! Kila kitabu kimeandika kilichokiona. Matokeo ya upasuaji huangaliwa mpaka siku ya 30, rejista yetu inaishia getini. Mimi mwenyewe nilijua habari zake kwa sababu shangazi yake alikuja kuomba karatasi za matibabu. Asingekuja, nisingejua.

ZAWADI: Basi vitabu hivyo vina faida gani?

HAMISI: Kubwa, hapo sikubali vibezwe. Usaha unaweza usiandikwe, lakini kifo cha wodini ni vigumu kukipoteza. Hapa hapa Kigoma, Dkt. Godfrey Mbaruku alichimbua kumbukumbu za akina mama waliofariki hospitalini, huduma ikarekebishwa. Kati ya 1984 na 1991 vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Na Bristol, Uingereza, watoto walikuwa wakifa kupita kawaida baada ya upasuaji wa moyo. Tume iliyotoa ripoti mwaka 2001 ilikuta takwimu za kawaida za hospitali, zile zile madaktari walizozidharau, zilikuwa zinaonyesha tatizo. Watoto wale, dada. Namba zilikuwepo.

ZAWADI: Inauma. Ila na mimi nina langu: hospitali ya rufaa inapokea waliochelewa, mwingine mfuko wa uzazi umeshapasuka njiani. Ukilinganisha vifo vyake na vya kituo cha afya...

HAMISI: Utamwonea daktari. Jumla ya mwezi haisemi mgonjwa alifika na hali gani, alisafiri saa ngapi, damu imebaki kiasi gani. Anayekubali kesi nzito ndiye anaonekana mbaya. Akianza kuogopa namba, atamsukuma mgonjwa mbele kwa rufaa nyingine. Mama akifia njiani, kifo hicho kitaandikwa kitabu gani?

ZAWADI: Ungepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja?

HAMISI: Safu moja tu kwenye rejista ya upasuaji: siku ya 30, yuko wapi, anaendeleaje? Namba ya simu ya mgonjwa au ya ndugu ichukuliwe kabla hajapanda boti.

ZAWADI: Na simu anapiga nani?

HAMISI: Karani yule yule. Apewe vocha.