Kukosa Usingizi kwa Mgonjwa wa Saratani

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Mgonjwa wa saratani akifika kwa daktari huulizwa habari za maumivu, kichefuchefu na uzito. Habari za usiku wake mara nyingi haziulizwi, naye hazitaji, akidhani kwamba kukesha ni sehemu ya ugonjwa isiyo budi kuvumiliwa. Dhana hiyo inawatesa watu bure, kwa sababu kukosa usingizi kuna vyanzo vinavyotafutika, na vingi vinatibika.

Tuanze na dawa zenyewe. Deksamethasoni, ambayo mara nyingi hutolewa pamoja na tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, ili kuzuia kutapika, huchangamsha ubongo, hivyo anayeimeza usiku anaweza kukesha hata kama mwili umechoka hoi. Amwulize daktari kama dozi zote zinaweza kumezwa asubuhi, lakini asiipunguze wala kuiacha mwenyewe, maana kuikatiza ghafla kuna hatari. Tibahomoni, yaani tiba ya kuzuia homoni, ya saratani ya matiti au ya tezi dume huweza kuleta joto la ghafla na jasho la usiku, na hayo nayo yana dawa. Anayeamshwa na maumivu kila alfajiri huenda dawa yake ya jioni inaisha nguvu kabla hakujakucha. Huyo anahitaji kupangiwa dozi upya, si kuambiwa ajikaze. Ndiyo maana nawasihi mwandike, kwa wiki moja au mbili, saa ya kulala, saa ya kuamka, kilichomwamsha mgonjwa, na saa ya kila dawa, kisha mmpe daktari karatasi hiyo.

Lililo gumu zaidi ni uchovu. Uchovu wa saratani hauondoki kwa kulala tu, na mtu anaweza kuishiwa nguvu kabisa asipate hata lepe la usingizi. Basi hujilaza mchana kutwa, hupanda kitandani mapema jioni, na saa nane za usiku yuko macho, anatazama simu kujua ni saa ngapi, huku hofu ya majibu ya vipimo ikimzidi. Hayo yakiendelea kwa muda, kitanda chenyewe huwa mahali pa kukesha. Tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi, ambayo miongozo ya kitabibu huitanguliza mbele ya vidonge, hulivunja zoea hilo: mtu huamka saa ileile kila siku, hata baada ya usiku mbaya, akisinzia mchana, hazidishi nusu saa, hupanda kitandani macho yakiwa mazito, na usingizi usipokuja kwa takriban dakika 20, huinuka akakaa penye mwanga hafifu mpaka usingizi umrudie. Kwa mgonjwa dhaifu anayeweza kuanguka, kuketi kitandani akiegemea mito kunatosha, wala sioni sababu ya kumlazimisha zaidi. Kutembea kidogo mchana, kwa kadiri ya nguvu zake, hupunguza uchovu huo, ingawa wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Vidonge vya usingizi vina nafasi yake kwa muda mfupi, ila visichanganywe na mofini, ile dawa kali ya maumivu, bila daktari kujua, kwa kuwa zikikutana dawa hizo huweza kudhoofisha upumuaji. Ninyi mnaouguza, mkimwona mgonjwa haamshiki kwa urahisi au anapumua polepole mno, mpelekeni hospitali mara moja.