Mlipima Mara Ngapi?

Mhadhara uliotolewa Jumamosi jioni mjini Kisumu, mbele ya wapenda sayansi na wadadisi

Hamjambo nyote. Mwenyekiti amenionya mapema nisianze na "itifaki imezingatiwa", kwa kuwa humu hamna itifaki ya kuzingatia. Nesi ameketi na mwanabodaboda, mwanafunzi wa Maseno anagombea kiti na mzee wa kanisa, na mama aliyetukaangia samaki amevuta stuli hapo mlangoni asikose neno. Nimepewa dakika 20, kisha mtajaza vikombe, kisha ninyi ndio mtasema na mimi nisikilize. Kumwambia mwalimu mstaafu hivyo ni kumfunga bila mahakama, lakini basi, nimekubali.

Hili karai mnaloliona lilitobolewa juzi na fundi wa jua kali pale Kibuye. Alilitazama, akanitazama, akasema, "Mwalimu, unanilipa niharibu karai jipya?" Nikamwambia toboa, katikati kabisa, tundu la kuingia kidole. Alitoboa huku akitikisa kichwa. Tundu nimeliziba kwa kizibo cha chupa. Kando pana ndoo 2 za maji ya mfereji na kiberiti.

Mnaujua mchezo wenyewe. Mtu akifika Nanyuki, pale kwenye kibao cha Ikweta, hukuta vijana na beseni lenye tundu. Wanakupeleka hatua 20 kaskazini, wanamwaga maji, wanaweka kijiti kielee juu yake, na kijiti kinazunguka kinyume cha mshale wa saa. Mnarudi, mnavuka mstari, hatua 20 kusini: kijiti kinazunguka upande wa pili. Mnasimama juu ya mstari wenyewe, maji yanashuka wima, kijiti kimetulia kama kimeapishwa. Unatoa pesa kidogo, unaondoka umefurahi.

Mimi nilipeleka wanafunzi pale kwa basi la shule. Nilipiga makofi kuliko wote. Tuliporudi nikachora dunia ubaoni, nikachora mishale, nikawaambia hiyo ndiyo nguvu ya mzunguko wa dunia. Nikalifundisha somo hilo miaka 11. Miaka 11, ndugu zangu, na digrii yangu ya fizikia imetundikwa sebuleni!

Siku moja msichana wa kidato cha pili, ambaye hata hakuwahi kwenda Nanyuki, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mlipima mara ngapi?" Nikasema mara moja. "Na maji alimwaga nani?" Nikasema yule kijana. Akaketi. Hakusema lingine. Nami nikaendelea na somo, lakini tangu hapo chaki ilikuwa nzito mkononi.

Usiku ule nilijaza sinki ya jikoni nikafungua. Yakazunguka kushoto. Nikajaza tena, yakazunguka kulia. Mara ya tatu hayakuzunguka kabisa. Mke wangu akauliza kama nimepoteza pete.

Sasa tazameni. Namwaga maji kutoka mkono wa kulia wa karai, hivi, yakipita ukingoni. Naondoa kizibo. Kijiti kinaenda wapi? Haya. Sasa namwaga kutoka kushoto. Mmeona? Kimegeuka, na mimi sijatoka Kisumu. Mara ya tatu namwaga katikati, taratibu, nasubiri kidogo. Kimetulia, au karibu kimetulia. Mtoto akizungusha jiwe kwenye uzi, uzi ukajiviringa kidoleni, jiwe huzidi kasi kadiri uzi unavyofupika. Maji nayo ni vivyo hivyo. Msukumo mdogo ulioyapa wakati wa kumwaga, ambao jicho halikuuona, unakuwa mzunguko mkubwa yanapokaribia tundu. Kijana wa Nanyuki akigeuka kidogo tu na beseni lake mkononi, kazi imekwisha. Simlaumu. Onyesho lake lina ufundi kuliko masomo mengi niliyotoa, na angalau yeye hakulipwa na serikali.

Lakini msikimbilie kusema yote ni uongo, maana hapo ndipo utamu ulipo. Dunia inajizungusha kweli, mara moja kwa siku, na mzunguko huo unapinda pepo kubwa. Ndiyo sababu vimbunga vya baharini havizaliwi jirani na Ikweta: hapa mpindo huo hufifia hadi sifuri. Kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita na huishi siku kadhaa, kwa hiyo kinapata nafasi ya kupindwa. Maji ya karai yanaisha kabla hujapiga chafya mara mbili. Na hatua 20 ni nini? Digrii 1 ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Ukitembea hatua 20 bado unanusa Ikweta.

Je, inawezekana kuuona mzunguko wa dunia kwenye tangi la maji? Inawezekana. Mwaka 1962 profesa mmoja wa MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani, Ascher Shapiro, alichukua tangi la duara lenye upana wa karibu mita 1.8, akalijaza, akaliacha litulie saa 24 nzima. Kisha akafungua tundu dogo chini. Zaidi ya dakika 10 za mwanzo hapakuonekana kitu. Maji yalipokaribia kuisha, kijiti alichokiweka kielee juu yake kikaanza kuzunguka, kinyume cha mshale wa saa. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney, Australia, wakarudia kazi hiyo upande wao wa dunia, na maji yakazunguka kama mshale wa saa. Kumbe jambo lenyewe lipo. Lililokosekana Nanyuki ni saa 24 za subira. Yule msichana, kwa swali lake moja, angeweza kuwaumbua wanaosema ndiyo na wanaosema hapana kwa pamoja.

Niliombwa nieleze mikutano ya namna hii imetoka wapi. Nitapita haraka. Uingereza ya karne ya 18, mjini Birmingham, walikuwapo jamaa waliokutana nyumbani kwa mmoja wao mwezi ukiwa mpevu. James Watt wa injini ya mvuke alikuwamo, Joseph Priestley aliyeitenga oksijeni mwaka 1774 alikuwamo, na Erasmus Darwin, babu yake Charles Darwin wa nadharia ya mageuzi. Kwa nini mwezi mpevu? Kwa sababu barabara hazikuwa na taa, na baada ya chakula na mabishano mtu alihitaji kumwona farasi wake akirudi. Aliyewahi kurudi Ahero usiku stima zikiwa zimepotea ataelewa bila ramani. Baadaye sana, mwaka 1992, Paris ilianza mikahawa ya falsafa; mwaka 1998 watu wa Leeds, Uingereza, wakaiga kwa sayansi; mwaka 1999 London wakaanza mikutano ya wenye mashaka, yaani wasiokubali dai bila ushahidi, baani. Utaratibu ni mmoja kote: mgeni azungumze kwa ufupi, watu wanywe, kisha maswali yawe marefu kuliko mhadhara. Sisi tumebadilisha kinywaji tu. Wengine wetu hawajabadilisha.

Lakini sisi hapa hatuhitaji kuiga Birmingham. Tuna sababu yetu, tena nzito zaidi. Hili eneo letu, kutoka Busia hadi Homa Bay, ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa sana Afrika. Damu yetu imetolewa, vinyesi vimechunguzwa, watoto wameandikwa madaftarini. Pita uwanja wa ndege uelekee Busia, utafika Kisian, na hapo KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wamekaa miaka mingi. Tumehesabiwa na kuhesabiwa, na mara chache mno mtu amerudi jioni kutuambia jumla ilikuwa ngapi.

Chukueni minyoo ya Busia. Mwaka 1998 shule za msingi 75, zenye watoto zaidi ya 30,000, ziligawanywa makundi 3. Watafiti hawakuchagua shule ambazo mwalimu mkuu ni rafiki yao. Walizipanga kwa alfabeti kila sehemu, kisha wakahesabu moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Kundi la kwanza likapewa dawa ya minyoo mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Kwa kuwa si wote walioanza pamoja, iliwezekana kulinganisha. Ikaonekana kwamba katika shule zilizopewa dawa utoro ulipungua kwa karibu robo. Michael Kremer, mmoja wa watafiti hao, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019.

Ninayoipenda zaidi ni sehemu ya pili, ambayo watu huiruka. Watafiti walitoa takwimu zao kwa wengine wazikague. Mwaka 2015 wakaguzi kutoka London wakachapisha walichokuta, na makosa yalikuwamo. Dai kwamba dawa ilisaidia hata shule zilizo kilomita 3 hadi 6 mbali halikusimama hesabu iliporekebishwa. Lakini utoro kupungua ndani ya shule zilizopewa dawa kulibaki. Wataalamu wakabishana wee, na hadi leo wapo wanaobishana. Mtu akisikia hivyo husema, "Mnaona, hata wao hawajui." Mimi nasikia kinyume chake. Mtu aliyekupa daftari lake ulikague, ukapata kosa, kisha sehemu iliyobaki ikasimama, hiyo sehemu nitaitegemea kuliko neno la mtu ambaye daftari lake hakuna aliyewahi kuliona. Mimi daftari langu la Nanyuki halikuwapo. Nilikuwa na picha tu, nimesimama na wanafunzi, nimecheka.

Au chanjo ya malaria. Kabla ya kuzinduliwa Kenya, kule Homa Bay, Septemba 2019, ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, na wamo watoto wa Siaya na Kombewa. Huenda baadhi yao sasa wako sekondari. Mama mmoja aliniambia mjukuu wake alichanjwa akaugua malaria hivyo hivyo, kwa hiyo ni utapeli. Nikamwuliza, ulitarajia nini? Akasema chanjo ni chanjo. Basi hapo ndipo mtu angeketi naye akamweleza: kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kumaliza dozi 4, malaria ilipungua kwa kiasi cha asilimia 36 katika miaka 4 ya kufuatiliwa. Si 100. Chandarua hakitoki kitandani. Mama huyo hakuwa mjinga hata chembe. Alikuwa amepima mara moja, kwa mtoto mmoja, kama mimi na beseni langu. Aliyekosea ni aliyemchanja mtoto bila kumpa ile namba.

Nina neno moja kali kidogo, mnivumilie. Vikundi vya wadadisi vina ugonjwa wake: vinageuka kuwa vikundi vya kucheka wanakijiji. Nimehudhuria kimoja ambapo jioni nzima ilikuwa ni kuwakejeli wanaoamini mambo ya mvua. Nilitoka mapema. Nenda Bunyore, kaunti ya Vihiga, ukawaulize kuhusu wazee wa Nganyi. Ukoo huo umejulikana kwa kutabiri mvua tangu zama za mababu, kwa kutazama miti inavyochanua, wadudu, ndege na upepo. Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa hawakwenda kuwacheka. Waliketi nao, kila upande ukaleta utabiri wake wa msimu, wakaulinganisha na kuupatanisha, kisha wakulima wakaambiwa. Sisemi mzee hufanya mvua inyeshe. Nasema mtu aliyetazama mti mmoja ukichanua kwa miaka 50 amepima mara nyingi kuliko mimi, na kazi yetu ni kumwomba atueleze anachoangalia, tuandike, msimu ukiisha tuhesabu alipatia wapi na wapi alikosa. Na Idara nayo tuihesabie vilevile. Mzee anayejiamini hatakataa. Niliyewahi kuzungumza naye alinijibu, "Na nyinyi wa redio mtahesabiwa?" Nikamwahidi.

Saa inaniambia nimekula dakika zangu, na mwenyekiti ameanza kukohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Nimeonyesha mara 3 tu, na mkono uliomwaga ulikuwa wangu, kwa hiyo hamna sababu ya kuniamini. Kisumu iko kusini ya Ikweta kidogo mno, kama dakika 6 za digrii, kilomita 11 hivi. Kama nimesema kweli, karai hili halina upande linaoupenda. Ndoo bado zina maji, na bomba liko nyuma ya jiko. Nataka mtu ambaye hajawahi kushika karai hili amwage, mwingine atupe kijiti huku amefumba macho, na wewe wa bodaboda, una kalamu? Chora mistari 2 kwenye karatasi: kulia, kushoto. Ongeza wa tatu, wa "hakikuzunguka". Mama, samaki wangoje kidogo. Tunakwenda hadi mara 20, na asiwepo wa kumwambia anayemwaga matokeo yaliyotangulia. Haya, nani wa kwanza?