Umbali wa Kibete Kahawia Tunaupimaje?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie vibete kahawia, nami nimeamua kuyaacha mawingu yao na rangi zao, nishike jambo moja: viko mbali kiasi gani, na vinaelekea wapi.

Kibete kahawia huzaliwa kama nyota, ila hakikushiba. Uzito wake haufiki mara 75 hivi ya uzito wa Mshtarii, kwa hiyo kiini chake hakipati joto la kuunguza haidrojeni kwa kudumu. Kazi yake ni kupoa tu. Ndiyo maana kibete kizito kilichozeeka na chepesi kilicho kichanga vinaweza kuwa na joto lilelile. Tena ukiona doa hafifu pichani, huwezi kujua mara moja kama ni kibete kilicho jirani au nyota nyekundu iliyo mbali mno. Kinachokata shauri ni umbali.

Njia ya kuupima ni ya zamani. Mwanaastronomia Friedrich Bessel aliitumia mwaka 1838 kwa nyota ya 61 Cygni. Ukiwa ndani ya basi kutoka Mombo kwenda Same, mikonge ya kando ya barabara inakimbia kurudi nyuma, ilhali Milima ya Upare inasogea kwa uvivu. Dunia ndiyo basi letu: kila baada ya miezi sita tunakuwa upande wa pili wa Jua, kilomita milioni 300 kutoka tulipokuwa. Nyota ya karibu huonekana imehama kidogo mbele ya nyota za mbali. Huko kuhama ndiko paralaksi.

Kidogo hicho ni kidogo kwelikweli. Tunapima kwa sekunde ya tao, yaani digrii moja iliyogawanywa mara 3,600. Mwezi mpevu una upana wa sekunde kama 1,800. Paralaksi ya Luhman 16, vibete kahawia vya karibu kuliko vyote tunavyovijua, ni nusu sekunde tu.

Sasa, kibete nacho kina safari yake. Hakikusubiri tukipime. Mambo mawili yanachanganyika pichani: kusogea kunakotokana na sisi, na kusogea kwake mwenyewe. Tunayatenganisha kwa subira. Kwetu sisi, kila mwaka doa huyumba na kurudi. Kwake, linasonga upande uleule bila kurudi. Ukiunganisha picha za miaka kadhaa unapata mstari wa mawimbi: urefu wa wimbi kwenda juu na chini unakupa umbali, mwelekeo wa mstari unakupa mwendo. Picha mbili hazitoshi, hata ziwe safi namna gani.

Mwanaastronomia Kevin Luhman aliipata Luhman 16 kwa kufuata mwendo. Darubini ya WISE, iliyokuwa ikiona miali ya joto, ilipiga picha za anga lote mwaka 2010, na kila eneo ililirudia baada ya miezi sita. Katika picha hizo kulikuwa na doa linalohama karibu sekunde 2.8 kwa mwaka, katika kundinyota la Matanga, kusini mwa anga letu, mahali penye msongamano wa nyota. Nadhani msongamano huo ndio uliokificha. Alipokokotoa kilikokuwa zamani, akakikuta kwenye picha za mwaka 1978! Kilikuwa kimepigwa picha miaka yote hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: vibete viwili vinavyozungukana, umbali wa miaka ya nuru 6.5, yaani nuru yao husafiri miaka 6.5 kutufikia. Ni Alpha Centauri na nyota ya Barnard tu zilizo karibu zaidi.

Mwaka uliofuata Luhman huyohuyo alitangaza kibete cha WISE 0855, kilicho baridi kiasi kwamba joto lake linakaribia lile la barafu. Darubini ya Gaia, bingwa wa kupima umbali wa nyota hadi ilipozimwa mwaka 2025, ilitumia mwanga wa kawaida, na kwa kibete cha namna hii ilikuwa kipofu. Ikabidi darubini ya Spitzer ya miali ya joto isaidie. Umbali ni miaka ya nuru 7.4, na kinahama sekunde 8.1 kwa mwaka. Zidisha hivyo viwili pamoja, ugeuze vipimo kuwa kilomita na sekunde za saa, utapata kasi ya kilomita 87 hivi kwa sekunde kukatiza mbele yetu. Kama kinatujia au kinatukimbia, picha hazisemi. Hilo husomwa kwenye mistari ya mwanga wake.

Turudi kwa wale wawili wa Luhman 16. Wanazungukana kwa miaka kama 27, na kwa kuwa umbali tunaujua, ukubwa wa mzunguko unageuka kilomita, na kilomita zinatupa uzito: kama Mshtarii 34 na 29. Mapema kuna wanaastronomia waliodhani mmoja wao anayumba kidogo zaidi ya inavyopaswa, labda anavutwa na sayari. Darubini ya Hubble ikawafuatilia kwa usahihi mkubwa zaidi, na mwaka 2017 dai hilo likaanguka. Sayari kubwa iliyodhaniwa haikuwepo.

Naona mikono imeinuliwa huko nyuma. Karibuni maswali.