Halali Huanzia Bandani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, mama zangu na dada zangu wa Temeke.

Nimeombwa nizungumzie kilimo cha mjini na usalama wa chakula halali. Wengi wanadhani la kwanza ni la bibi shamba na la pili ni la shekhe. Mimi naona ni jambo moja. Al-Baqara aya ya 168 inatuambia tule kilicho halali na kizuri, vyote viwili kwa pamoja, na uzuri wa kuku hauanzi anapoelekezwa kibla.

Kuku wetu wa mjini anashinda jaani akichakura nepi na matumbo ya samaki. Wanazuoni wana hukumu ya mnyama anayekula najisi: afungiwe, alishwe chakula safi mpaka uchafu umtoke. Imepokewa kuwa Ibn Umar, sahaba wa Mtume, alikuwa akimfungia kuku siku tatu. Sasa someni lebo ya dawa ya kuku. Pameandikwa siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai. Wangapi tunazihesabu? Kuku akizubaa asubuhi tunamnywesha dawa, jioni akizidiwa tunamwahi kwa kisu asije akafa bure. Bismillahi imesomwa, sawa, lakini dawa bado imo nyamani, na ugonjwa nao umo.

Kuhusu kuchinja, bado namkuta mama kasimama mlangoni na kuku mkononi, anasubiri mwanamume apite. Katika Sahihi Bukhari, kitabu cha hadithi, imo habari ya kijakazi wa sahaba Ka'b bin Malik aliyekuwa akichunga mifugo huko Sal', mlima wa Madina. Mnyama mmoja alikaribia kufa, akavunja jiwe akamchinja. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa, akaruhusu aliwe. Basi noeni visu vyenu.

Ukishachinja, mwache atulie kabisa, damu ishuke, ndipo umtie maji ya moto. Anayetumbukizwa huku anapiga mbawa huvuta maji machafu ndani, na hutajua kilichomuua ni kisu au ni maji. Na maji yenyewe, jamani! Mkesha wa Idi pipa moja linanyonyolea kuku kutwa nzima mpaka limekuwa kama uji. Kinyesi cha kuku wa kwanza kinamfuata wa mwisho. Badilisheni maji, toeni matumbo upesi bila kuyapasua, na ubao wa kuku usikatiwe kachumbari.

Mboga nitazipitia haraka, tutazifanya kwa mikono. Gunia, udongo, na katikati kopo lisilo na kitako lililojazwa kokoto. Udongo ukipanda, unalivuta kopo juu, kokoto zinabaki kuwa njia ya maji. Mchicha utauchuma wiki ya tatu au ya nne. Samadi ya kuku msiitie mbichi, ioze kwanza miezi mitatu hivi. Maji ya Mto Msimbazi msimwagilie: watafiti wamekuta madini mazito kama risasi kwenye mboga za bonde lile, na risasi haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Ya kufulia yenye sabuni ya unga, mwageni.

Magunia yako pale uani. Tukitoka hapo tunaingia bandani tuzisome lebo za dawa pamoja; aliyesahau miwani akae karibu na mwenye nayo.